Mkalimani wa Mama Mkwe

Nilifika Durban na begi moja na namba ya simu ya mtu ambaye hakupokea. Nilipoondoka, miaka kumi na minne baadaye, nilikuwa na stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, gari langu mwenyewe, na wateja kuanzia Queensburgh hadi Westville walionipigia mimi kwanza. Sasa niko Kigoma, nina karakana yenye mafundi sita, na hakuna tofali hata moja mle nililopewa na mjomba. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba mimi si mtu wa kukosea ovyo. Kosa ninalotaka kulisimulia nililifanya nikiwa nimenyoa ndevu, nimepiga shati pasi, na nina uhakika kwamba hakuna mwingine katika ukoo mzima ambaye angeifanya kazi ile vizuri kama mimi.

Mke wangu ni wa Uvira, upande wa pili wa ziwa letu. Tulikutana Umbilo, nilipokwenda kutengeneza kiyoyozi cha saluni alimokuwa anasuka nywele. Mama yake alikuwa Durban kabla yangu, kwa karatasi za ukimbizi. Kifua kikuu kilimwingia kwenye uti wa mgongo. Dawa zilikimaliza, lakini kiliacha mishipa imeharibika: miguu ilimbeba hatua chache tu kwa fimbo, na kibofu hakikumtii tena. Alikuwa anapata ruzuku ya ulemavu kila mwezi. Kwa ruzuku ile tulimlipa mama mmoja wa kanisani kwao aje kushinda naye mchana, tukanunua na nepi za watu wazima. Bila ruzuku, yule mama asingekuja. Na bila yule mama, ama mke wangu aache kazi, ama mgonjwa abaki peke yake na mlango umefungwa. Mimi, pamoja na uwezo wangu wote, nilikuwa nalipia fleti, karo na vifaa vya kazi, na hapakuwa na pa kubana tena.

Kwao mkwe ni mtu wa kuheshimiwa hadi ichoshe. Miaka mitano tuliyokaa nyumba moja sikuwahi kuona kitanda chake. Nikirudi kazini nilikohoa nje ya mlango, nikahesabu hadi kumi, ndipo nikaingiza ufunguo, ili apate nafasi ya kujifunika vizuri. Hakula mbele yangu. Pakiti za nepi zilipita sebuleni ndani ya mfuko mweusi, na zilipopita mimi nilikuwa natazama televisheni, hata kama imezimwa. Kila mtu alijua kwamba ninajua. Hakuna aliyewahi kutamka.

Ruzuku yake ilikuwa ya muda. Zamani, ilipokaribia kwisha, daktari wa kliniki aliyemtibu tangu mwanzo alijaza fomu na maisha yakaendelea. Mwaka ule utaratibu ukabadilika. Tuliambiwa barua ya kliniki peke yake haitoshi tena. Kila mwenye ruzuku ya muda atapimwa upya na daktari asiyemfahamu, ukumbini, kwa zamu, na asiyepita ruzuku yake inasimama papo hapo. Watu wa kanisani walikuwa wameanza kurudi mikono mitupu. Mzee mmoja mwenye kifafa aliambiwa anaweza kufanya kazi nyepesi, kama kulinda magari.

"Eish!" alisema yule mama wa kanisani. "Na siku akianguka, aangukie gari ya nani?"

Mke wangu alitaka kwenda na mama yake yeye mwenyewe.

"Nitaomba ruhusa saluni," alisema.

"Kiingereza chako ni cha kumuuliza mtu anataka nywele ndefu au fupi," nilimjibu. "Kule kuna maneno ya kitaalamu. Ile ni intavyuu."

"Si intavyuu, papa. Ni ugonjwa."

"Kila kitu ni intavyuu."

Nilikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Kazi yangu ya kwanza ya maana, kule Westville, niliipata mbele ya watu waliokuwa wanajua friji kuliko mimi, kwa sababu nilisimama wima, nikajibu kwa ufupi, na sikulalamika. Kwa hiyo jioni ya kuamkia siku ya kupimwa nilisimama nje ya mlango wa chumba cha mama mkwe, nikampa maelekezo.

"Mama, tafadhali, kesho tusilie mbele yao. Watu hawa wanamheshimu mtu anayejiheshimu. Vaa vizuri. Kaza mgongo."

"Mukwe," akajibu kutoka ndani, kwa Kiswahili cha Uvira ambacho 'njo' yake ni 'ndio' yetu, "mugongo yenyewe njo iko shida."

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Asubuhi alitoka amependeza kweli: kitenge cha bluu, kilemba kimefungwa juu, viatu vya Jumapili. Kwenye gari, tuliposimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, nilimnyooshea chupa ya maji kwa mkono wa kulia bila kugeuka.

"Aksanti, mukwe. Niko sawa."

Sikujua kwamba tangu jana yake mchana hakuwa amekunywa hata tone. Mke wangu aliniambia baadaye. Alikuwa anajikausha kwa ajili ya safari.

Tulifika kabla ya saa kumi na mbili na tukaitwa saa tano. Daktari alikuwa binti mdogo, ana adabu, lakini jicho lake lilikuwa kwenye rundo la mafaili. Kabla hajauliza kitu niliweka mezani bahasha yenye stashahada yangu, ile halisi, si nakala.

"Wewe ni nani wake?"

"Mkalimani," nilisema. "Cheti changu kimo humo."

Hakuifungua. "Muulize anajisikiaje leo."

"Muzuri," alisema mama mkwe, "Mungu anasaidia."

Nikamwambia daktari kwamba anajisikia vizuri sana. Hilo "sana" nililiongeza mimi.

"Anatembea?"

"Natembea. Polepole."

"Anatembea," nikatafsiri.

"Anapika?"

Mama mkwe aliniangalia begani. Usoni hakuwahi kuniangalia. Mwanamke wa Uvira amwambie mume wa binti yake kwamba hawezi kupika?

"Napika."

"Anavaa nguo mwenyewe?"

Aligusa kilemba chake. "Kama vile anaona."

Daktari aliangalia, akaona, akaandika. Mpaka hapo nilikuwa naona tunakwenda vizuri, naapa. Kisha akauliza, bila kubadilisha sauti, kama mgonjwa anahitaji mtu wa kumwogesha, na kama anaweza kuzuia haja ndogo.

Kiingereza chake nilikielewa chote. Kulisema swali lile kwa Kiswahili ndiko kulikonishinda. Feni ya ukutani ilikuwa inagonga, beringi yake imekwisha, nami nikaisikiliza kana kwamba nimeitwa kuitengeneza. Daktari alikuwa amesimamisha kalamu.

"Mama," nikasema, macho kwenye feni, "anauliza kama... kule faragha, unajimudu."

Nilisikia mkono wake ukikaza kwenye fimbo.

"Najimudu, mukwe."

Ilikuwa si kweli. Nilijua, na yeye alijua kwamba ninajua. Ningeweza kumgeukia daktari nikasema kwa Kiingereza kile ambacho mama yule hawezi kukisema, asingeelewa hata neno. Lakini angeona uso wa daktari ukibadilika, na angejua kwamba mkwe wake amemvua nguo mbele ya mtu.

"Anajimudu," nikamwambia daktari.

Akaandika, akageuza ukurasa, akasema tumemaliza. Mama mkwe akainuka taratibu. Kiti kilikuwa cha plastiki nyeupe, na kilikuwa kimelowa.

Daktari alikuwa ameinamia karatasi. Angeinua kichwa mara moja tu angekutana na jibu la swali lake. Nami, badala ya kumwacha aone, nilichukua bahasha yangu mezani nikailaza juu ya kiti, kama mtu anayepanga makaratasi yake. Nikaibonyeza. Nikasubiri mama mkwe afike mlangoni, nikaiinua, nikaiweka kwapani, nikasema asante daktari. Wakati ule nililiona lile kuwa tendo la kiungwana kuliko yote niliyowahi kufanya.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, kwenye simu yangu, kwa sababu fomu zote nilizijaza namba yangu. Ombi limekataliwa. Anatembea, anapika, anavaa, anajimudu. Sababu zao zilikuwa maneno yangu mwenyewe, kwa mpangilio ule ule.

Yule mama wa kanisani aliendelea kuja wiki mbili kwa huruma, kisha akapata kazi Pinetown. Mke wangu akakubaliana na saluni aende nusu siku, asubuhi tu. Kuanzia saa mbili hadi saa saba mama mkwe alibaki peke yake. Tuliambiwa tunaweza kukata rufaa ndani ya miezi mitatu. Nilianza kuandika barua ya rufaa kwa Kiingereza kizuri sana, kurasa nne.

Siku moja nilirudi saa nne kuchukua geji ya kupimia gesi niliyoisahau. Nikakohoa mlangoni, nikahesabu hadi kumi, nikafungua.

"Mukwe, usikuje!"

Sauti ilitoka chini. Alikuwa ameanguka kwenye korido, kati ya chumba chake na bafu. Niliona unyayo mmoja na ncha ya fimbo, nikageuka ukutani upesi.

"Mama, umeumia?"

"Usikuje hapa. Sijavaa."

"Nikuletee shuka?"

"Usikuje, nakuomba."

Nikampigia mke wangu. Akasema anakuja mbio. Kutoka saluni hadi nyumbani kwa miguu, kwa kukimbia, ni robo saa, na robo saa ile niliimaliza nimesimama sebuleni, paji la uso likikaribia kugusa rangi ya ukuta. Mimi ninayebeba kompresa ya jokofu kwa mikono yangu hadi ghorofa ya tatu, nilikuwa hatua tano kutoka kwa mtu aliyeanguka na sikuweza kumwinua. Nilimsikia anahema.

"Mukwe."

"Naam, mama."

"Uko unatazama wapi?"

"Ukutani, mama."

"Haya. Endelea."

Mke wangu aliingia. Alivua viatu, akanipita. Nilisikia maji bafuni, nikasikia wawili wale wakinong'ona, kisha mama mkwe akacheka kidogo, akalia kidogo. Mke wangu aliporudi sebuleni mikono yake ilikuwa bado imelowa.

"Alikaa chini tangu saa tatu," alisema. "Sasa niambie tena kuhusu Kiingereza changu."

Barua yangu ya kurasa nne sikuipeleka. Mke wangu aliandika yake, ukurasa mmoja, kwa Kiingereza cha saluni. Nilikuta makosa saba ndani yake. Sikurekebisha hata moja, na wanaonijua watashangaa.

Siku ya rufaa niliendesha gari tu. Bahasha niliiacha nyumbani. Pembe moja ya stashahada yangu imevimba mpaka leo, nimeiweka hivyo hivyo kwenye fremu karakanani, na wateja wanadhani ni mvua. Mama mkwe alivaa gauni lake la nyumbani, bila kilemba, kwa amri ya binti yake. Jopo lilikuwa na watu watatu. Chumba chao kilitengwa na korido kwa mbao nyembamba, na nilipokaa kwenye benchi nilisikia kila kitu.

Nilimsikia mke wangu akiuliza kwa Kiswahili cha kwao, bila kuzunguka, neno lenyewe. Nikasikia fimbo ikigonga sakafu mara moja. Kisha mama mkwe akaanza kusema, kwa sauti ndogo. "Usiku naloa. Muchana naloa. Mutoto wangu njo..."

Nikainuka. Nilitembea hadi mwisho wa korido, nikashuka ngazi, nikavuka barabara, na sikusimama mpaka nilipokuwa na uhakika kwamba kelele za taxi zimefunika kila kitu. Nilikaa pale muda mrefu, sina la kufanya, mtu mwenye kazi tatu za kumaliza siku ile.

Niliporudi walikuwa wamekaa kwenye benchi. Macho ya mke wangu yalikuwa mekundu. Mama mkwe alikuwa ameshikilia fimbo kwa mikono miwili, akitazama sakafu karibu na viatu vyangu.

"Mukwe, ulienda wapi?"

"Nilikwenda kununua maji, mama."

"Haya." Akasubiri. "Na maji iko wapi? Niko na kiu tangu jana."

Mikono yangu ilikuwa mitupu. Mke wangu aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka nilipomsikia. Nikashuka ngazi tena, mbio.

Jibu lilikuja karibu miezi miwili baadaye, bado kwenye simu yangu. Mke wangu alikuwa saluni. Nilisoma mara mbili, nikaenda kusimama nje ya mlango wa chumba cha mama mkwe, nikakohoa.

"Iko nini, mukwe?"

"Wamekubali, mama. Kwa mwaka mmoja."

Nilisikia kitanda kikilia alipogeuka.

"Mwaka moja. Halafu nirudi tena? Niseme tena, mbele ya wengine?"

"Ndiyo, mama. Utasema tena."

Nilibaki pale mlangoni.

"Basi," akasema, "mwaka kesho njo uende kweli kununua ile maji."