Mlango wa Mwalimu Dorka

Nikisikia harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, iliyonyeshewa kabla haijakauka, hasira hunipanda. Niko kidato cha tatu sasa, lakini harufu hiyo hunirudisha kijijini Dunga nikiwa na miaka tisa, sebuleni kwa Mwalimu Dorka wa Sande skuli.

Tulikuwa tunaigiza Msamaria Mwema. Mimi nilipewa Mlawi kwa kuwa nina haya. Mlawi haongei, anapita tu. Ouma alikuwa punda, na kila akibebeshwa majeruhi alilalamika, "Mwalimu, huyu amekula sana! Apunguzwe!" Tulicheka mpaka Mwalimu akatuchapa na kitabu cha nyimbo, mwenyewe akicheka.

Mvua ikaanza. Akatokea Mama Akinyi, jirani yetu, ameacha omena yake inanyeshewa huko nje, mtoto kifuani. Mumewe alikuwa amezikwa wiki mbili zilizopita. Kwetu mjane ambaye hajatakaswa kwa mila haingii nyumba ya mtu. Wanasema ataleta kifo. Naye alijua, akasimama nje ya mlango, maji yakimchuruzika.

"Mwalimu, nisaidie baiskeli ya mzee nifike hospitali. Akinyi anachemka kwa homa, ameanza kugeuza macho."

"Simama hapo hapo! Usikanyage kwangu!"

"Siingii, Mwalimu. Baiskeli tu."

"Ukiikalia, nani ataipanda tena? Mzee wangu? Unataka na mimi nikae mjane kama wewe?"

Baiskeli ilikuwa palepale, imeegemea kabati, kavu kabisa. Mama Akinyi akatuangalia sisi watoto, mmoja mmoja. Alipofika kwangu nikaangalia sakafu.

Akaondoka kwa miguu. Mwalimu alifuta matone mlangoni kwa tambara, akalitupa hilo tambara nje, akafunga. "Haya, turudie. Jirani yangu ni nani? Semeni kwa sauti!"

Tukasema. Kwa sauti!

Akinyi alifia njiani, kifuani mwa mamake, hata lami hawajaifikia.

Miaka yote nimemchukia Mwalimu peke yake, maana ilikuwa rahisi. Ni juzi tu nimekumbuka alivyolishika lile tambara kwa ncha za vidole, kama kaa la moto. Aliogopa kifo kweli. Mimi niliogopa nini? Kutazamwa! Sweta nilikuwa nayo. Ningetoka nimfunike mtoto, hata kama singesema neno. Sikutoka, na hilo siwezi kumsukumia Mwalimu.

Siku ya mazishi ya Akinyi, Mwalimu alitupeleka kuimba. Sisi kuingia bomani kwa mjane hakukuwa na shida, mjane tu ndiye hangeingia kwetu. Tuliimba vizuri sana, watu wakalia. Tulipomaliza, Mama Akinyi akasogea, akasimama hatua kadhaa mbali nasi, asije akatudhuru.

"Asanteni kwa kuja, watoto wangu," alisema. "Mungu awalinde."

Afadhali angetutukana.