Bi Rukia alivyoshtakiwa kwa "innuendo" ofisini Mbaraki kwa sababu ya chupa ya marashi

Wakuu, nawasalimu nyote, wa pwani na wa bara. Haya ninayoyaandika niliyaona mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika bado tuko nao kazini.

Mimi mzaliwa wa Mji wa Kale, nafanya kazi kwenye ofisi moja ya clearing, ya kutoa mizigo bandarini, pale Mbaraki. Ofisi yenyewe ndogo, na AC hufanya kazi ikipenda.

Tukaletewa meneja mpya kutoka bara, kule kwenye baridi. Kijana mchapakazi, hamwonei mtu. Tatizo lilikuwa koti. Alikuja na koti zito la kwao na akawa halivui, kwa joto hili la kaskazi.

Nisiwafiche wakuu, alikuwa akinuka jasho. Wateja wakawa wanaongea naye kutoka mlangoni.

Sasa kwetu jambo kama hilo humwambii mtu usoni. Hutafutwa mtu mzima, akalifikisha kwa upole, mwenyewe akaelewa bila kuaibika. Wafanyakazi tukakubaliana tumtume Bi Rukia wa mapokezi. Ni mjane, mtu wa heshima zake, na sote twamwita mama.

Bi Rukia akaanza kuja na chetezo, anafukiza udi ofisini kabla meneja hajafika. Meneja akasifu harufu, akakaa na koti lake. Siku nyingine mama akamwambia kwamba Mombasa watu huoga asubuhi na jioni, na raha ya hapa ni nguo nyepesi. Meneja akacheka, akasema kweli mama.

Mwisho akamletea chupa ya marashi, akamwekea mezani. Akamwambia akijipaka yale, kila mtu atapenda kukaa karibu naye.

Mtu wa hapa kwetu angeshika maana kabla hajaifungua ile chupa.

Meneja alielewa vingine kabisa. Kule alikokulia, mwanamke akimpa mwanamume marashi na maneno kama hayo, basi anamtaka. Akaunganisha udi, habari za kuoga na chupa, akaona anatongozwa. Mkewe naye akaiona chupa, moto ukawaka nyumbani. Kufumba na kufumbua, Bi Rukia kaitwa kikao cha nidhamu. Shtaka: sexual innuendo.

Akaniuliza, hiyo innuendo ndiyo nini? Nikafungua kamusi kwenye simu.

Tusimame hapa kidogo. Innuendo ni maneno ya kuzunguka, ya kumdokezea mtu jambo bila kulitaja, na mara nyingi jambo lenyewe ni baya au la kitandani. Waingereza hata mahakamani wanalo, kwenye kesi za kuchafuliana majina. Kwetu karibu yake ni kijembe, au dongo. Lakini sisi tuna maneno mengine ya kuzunguka, ya kumsitiri mtu. Kwa mbali yanafanana, nia ndiyo mbalimbali.

Nilipomweleza kile cha kitandani, Bi Rukia alijifunika uso na mtandio. Mama wa umri ule! Wallahi niliumia.

Kikaoni tulikuwa wanne: mtu wa HR kutoka makao makuu, meneja, Bi Rukia, na mimi shahidi wake. Akaulizwa alikusudia nini. Akajibu alikusudia heri. Akaulizwa tena, heri gani? Kimya. Nikafungua mdomo, akanitazama, nikajua ananikataza.

Mtu wa HR akaanza habari za kusitisha mkataba. Jamani, yule mama analea wajukuu mayatima kule Tudor, na hana msaada mwingine ila ile kazi.

Nikaomba nizungumze na meneja nje. Tukasimama kwenye ngazi.

"Bosi, unanuka jasho. Koti hilo. Sisi ndio tuliomtuma mama."

Akainusa mikono ya koti. Akaniuliza tangu lini, nikamwambia tangu alipokuja. Akakaa palepale kwenye ngazi, na nikamwonea huruma kweli, maana hakuwa mtu mbaya.

Tuliporudi akasema anaondoa shtaka, kosa ni lake, aliyaelewa vibaya. Mtu wa HR akashangaa, akakusanya vitu vyake akaenda.

Ndipo meneja akavua koti, akamgeukia Bi Rukia. "Mama, kwa nini hukuniambia tu?"

"Nilikuambia, mwanangu, hukusikia. Na mbele ya yule mgeni nisingeweza kukuvua nguo."

Meneja akamtaka radhi, kichwa chini.

Funzo nililotoka nalo: hapa kwetu tunapenda kusema asiyejua maana haambiwi maana. Nimeanza kuona asiyejua ndiye wa kuambiwa, tena mapema na faraghani. Tungemwambia vile mwanzo, mama asingefika pale.

Lakini pia sijasahau kwamba yule mama alikuwa radhi kufukuzwa kazi kuliko kumuaibisha mtu aliyemshtaki. Nilirudi kwenye kamusi ile kutafuta neno la hilo, sikuliona.

Wenye Kiingereza chao nisaidieni. Na nyinyi wengine semeni ukweli: mngekuwa kwenye kiti cha Bi Rukia, mngenyamaza?