Nzi wa Vikonyo Vifupi

Mtaani walimwita Bwana Nzi, naye hakuwahi kununa; kazi ni kazi. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwachoma wadudu pini katika ghala la makumbusho, chumba kisicho na dirisha, kinachonuka naftalini. Wenye shahada walikuja, wakaandika makala zao, wakaenda zao. Yeye alibaki na droo.

Ndipo akawapata nzi wake. Nzi wa jamii hiyo macho yao hayakai kichwani; yako kwenye ncha za vikonyo viwili vilivyotanuka kushoto na kulia kama mikono ya mizani. Lakini madume wa kijito kimoja kilichokauka nyuma ya kiwanda cha ngozi walikuwa na vikonyo vifupi mno, nusu ya vile vinavyojulikana. Akapima nzi mia mbili na kumi, mmoja mmoja, kwa jicho lililokwisha kuingia ukungu. Akaamua: spishi mpya. Makala yake ikakubaliwa na jarida la sayansi. Mkewe akawatambia mashemeji kwamba jina la mumewe litakaa vitabuni hata wakishafukiwa.

Asubuhi moja akaingia mwenzake wa maabara, mama anayefuga nzi, na chupa mbili mkononi.

"Kaka, keti kwanza."

"Nikiketi nitasinzia. Sema, dada."

"Hawa wote mama yao mmoja. Mabuu ya chupa hii niliyashibisha mahindi yaliyooza. Haya mengine nikayabania, kijiko kimoja tu. Haya, tazama madume."

Akainamia hadubini. Walioshiba walikuwa na vikonyo virefu. Waliobaniwa walikuwa nzi wake hasa, kipimo kwa kipimo. Akajua maji yamezidi unga.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe. Na mimi si kasuku."

Makala ilibakiza wiki tatu kuchapishwa. Yeye, miezi miwili astaafu. Alikaa na zile chupa mpaka chai ikaota utando. Kisha akaandika barua ya mistari miwili kuiondoa makala. Akachomoa lebo zote za jina jipya, akawahamishia nzi kwenye droo ya zamani, chini ya jina alilolitoa mgeni mmoja karne iliyopita.

Nyumbani mkewe alimpokea mkoba. "Enhe, inatoka lini? Shemeji kapiga tena simu."

"Haitoki."

"Si ulisema nzi wako ni wa aina yao peke yao?"

"Ni wale wale," alisema akifungua kamba za viatu. "Hawa walikulia njaani tu."

Mkewe akafumbua mdomo acheke, akamtazama usoni, akaenda kumpakulia chakula.