Paa Moja, Milango Kumi

Nyumba yetu ya Matisi, mtaa wa Kitale, ilinuka mafuta ya taa, omena na vumbi la mahindi. Vumbi lilikuja na Baba kutoka stoo ya nafaka alikobeba magunia, likatua juu ya kila kitu, hata juu ya uji. Nasema nyumba, lakini kilikuwa chumba kimoja tu cha futi kumi kwa kumi, kama watu wa Kitale wanavyosema. Pazia la maua mekundu lilikigawa. Nyuma yake kulikuwa na kitanda cha Baba na Mama. Mbele yake viti viwili, meza, na godoro langu na mdogo wangu Wafula, ambalo mchana tulilisimamisha ukutani. Kwenye kona ya mlango ndipo stovu ilipokaa. Mama aliweza kusonga ugali, kuchukua chumvi na kumzaba Wafula kofi bila kuinuka kwenye kigoda.

Mimi nilikuwa mtoto wa haya, na kusema kweli bado ni hivyo. Kwa mtoto wa haya, nyumba ndogo ni baraka. Sikuhitaji kusema kwamba naumwa. Nikijigeuza mara mbili kwenye godoro, Mama alishajua. Mvua ya Kitale ikianza kupiga mabati tulikuwa tunasikia pumzi zetu zote nne, na sijawahi kuogopa kitu ndani ya sauti ile. Lakini pia hapakuwa na mahali pa kulia. Kubadilisha nguo ilikuwa kazi ya kushika leso kwa meno. Daftari langu la siri nilikuwa nimelificha chini ya gunia, na Wafula akalisoma lote, kisha akamuuliza Mama mbele ya wageni, "Ati kupenda mwalimu ni dhambi?" Siku hiyo nilitamani ukuta. Kesho yake mvua ikanyesha, nikasahau.

Ploti yenyewe ilikuwa na vyumba kumi kwa mstari, milango kumi chini ya paa moja refu la mabati. Mlango wa nne alikaa Mama Njeri, muuza viazi, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati. Nyuma ya ploti alikuwa na banda dogo la kuwekea viazi, kavu, lenye kipaa chake peke yake. Baada ya yale ya Wafula, huko ndiko nilikokwenda kuandika. Mama Njeri alijua na hakuwahi kunisema.

Nilipokuwa darasa la tano, tulisikia kwamba madaktari wa macho wangekuja mjini kwa wiki moja. Kukhu, mama yake Mama, alikuwa akiishi karibu na Lwakhakha, upande wa Bungoma, na mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunika macho yote mawili. Simu zilikuwa bado za watu wachache, kwa hiyo Mama akaniambia niandike barua kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Muhula ule tulikuwa tumefundishwa kuchora ramani. Nikaongeza ramani ya nyumba yetu kama zawadi. Pazia nikalichora kwa rula, mstari mnene kama wa ukuta. Nikaandika "sebule", nikaandika "chumba cha kulala". Jikoni haikutoshea ndani ya mistari, nikaichorea kisanduku chake pembeni. Skeli sikuweka. Sikuwa nimekusudia kudanganya, nadhani. Ndivyo nyumba yetu ilivyokuwa kichwani mwangu.

Kukhu alisomewa barua na katekista wao. Kwetu Wabukusu, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa umbali: hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, na mama hawezi kulala chini ya paa analolala mume wa bintiye. Huko nyumbani jikoni ni nyumba peke yake, na mgeni kama yeye hulala humo kwa amani. Kukhu akasikia kuna jikoni pembeni, akafunga safari.

Alifika Jumanne mchana, kuku kwapani. Akasimama mlangoni akipapasa fremu.

"Jikoni ni wapi?" akauliza.

Mama akaonyesha stovu kwa kidevu, kisha akakumbuka kwamba haoni vizuri. "Ni hapo miguuni pako, Mayi."

Kukhu akainama, akaigusa ile stovu. Halafu akaniita kwa jina langu. "Nekesa. Ulinichorea nyumba ya nani?"

Nilitazama miguu ya kuku.

Jioni mvua ikashuka, na Baba akarudi kutoka kazini. Kusikia mgeni ni nani, hakuvuka kizingiti. Alibaki nje kwenye upenu wa vidole vitatu, maji yakimtiririka mgongoni. Kukhu alikuwa nyuma ya pazia, amejifunika kitenge kichwani na kugeukia ukuta. Kati yao hapakuwa na hatua nne, lakini maneno ilibidi yapitie kwangu.

"Nekesa, uliza kama mgeni amekula."

"Mwambie nimekula, nashukuru."

"Uliza kama safari ilikuwa njema."

"Mwambie tu aingie nyumbani kwake, mimi nitoke."

"Mwambie hatoki mtu."

Mama Njeri akatoa kichwa mlangoni kwake. "Kwani Baba Nekesa, mlango wako umewekwa polisi?" Alipoelezwa alicheka, kisha akaacha kucheka. "Si cucu, nyanya yenu, aje alale kwangu basi? Kitanda kiko."

Kukhu akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Na paa lake ni lipi?"

Paa lilikuwa lile lile, kutoka mlango wa kwanza hadi wa kumi.

Hapo ndipo nilipofikiria lile banda. Lilinijia wazi kabisa: kipaa chake, magunia yake makavu, Mama Njeri mwenyewe akiwa amesimama hapo hapo. Nikafungua mdomo. Watu wazima watatu walikuwa wakizungumza kwa wakati mmoja, na mimi ndiye niliyechora ramani. Mdomo ukajifunga. Mpaka leo naweza kukuonyesha mahali nilipokuwa nimesimama.

Mama akampa Baba sahani nje. Alikula ugali wake amesimama, akikinga mboga kwa kiganja, kisha akaomba nimtolee blanketi. Alikwenda kulala stoo, kwenye magunia. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wetu aliondoka amelowa, akisema, "Si ni siku chache tu, bana."

Upasuaji ulikuwa Alhamisi. Jumatano asubuhi Kukhu alikuwa ameshafunga leso yake. Mama alimsihi, alilia, hata alimkasirikia. "Kesho tu, Mayi! Kesho tu!" Kukhu akasema atakuja mwaka ujao. Nikatumwa kumshika mkono hadi stendi. Njiani alinisifia nyumba yetu. Alisema ina joto.

Mwaka uliofuata walipomfanyia upasuaji, jicho la kulia liliokolewa. La kushoto daktari alisema wamechelewa, presha ya jicho imeshaliua.

Sasa niko kidato cha tatu na tunakaa Bungoma. Baba alipandishwa cheo, akapata nyumba ya vyumba vitatu, na jikoni iko uani na paa lake. Nina chumba chenye mlango. Daftari naliacha juu ya meza, wazi, na hakuna anayelisoma. Wakati mwingine natamani angalau Wafula aliibe. Nikiumwa lazima nitembee kwenda kusema. Sijui kama nilipenda udogo wa ile nyumba au niliuzoea tu.

Likizo iliyopita Kukhu alikuja. Nikajikaza, nikamwambia habari ya banda la viazi, na jinsi nilivyonyamaza. Alicheka sana.

"Banda? Ningelala hata na kuku. Lakini si paa lililonifukuza, mjukuu wangu. Nilimsikia mwenye nyumba akila ugali mvuani, amesimama kama mwombaji, na hakukasirika. Angekasirika, ningekaa."

Nimeliandika jibu hilo mara tatu na silielewi. Kama si paa, basi si ramani wala si ukimya wangu. Ni upole wa Baba. Mtu anajutaje upole wa babake? Shuleni mwalimu anataka tuandike kwenye insha kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mimi siwezi kuiandika. Nilitaka kumuuliza Kukhu kama ni kweli, lakini alikuwa ameanza kugeuza kichwa huku na huku. Sebule yetu ya siku hizi ni pana, ilibidi anitafute kwanza. Nikahama kiti, nikaketi upande wake wa kulia.