Nilivyoipeleka Ninawa Ufukweni

Haya niliyataka mwenyewe. Jumamosi iliyopita nilikwenda kujitambulisha kwa baba yake Zuhura, fundi seremala hapa Tabora, nikitumaini atanikubali niwe mkwewe. Nilibeba muswada wa riwaya yangu juu ya Nabii Yunus.

"Zuhura anasema wewe ni mwandishi. Hebu tusomee," alisema mzee.

Nikasoma kwa madaha: samaki anamtapika Yunus, mawimbi yanalamba malango ya Ninawa, Nabii anajifuta chumvi na kuingia mjini. Nikaongeza kwamba mji ule nimeutafiti miaka miwili.

Mzee akavua miwani. "Bahari hiyo umeitoa wapi, kijana? Ninawa ilikuwa Iraki, bara kabisa, kando ya mto."

Nikafunika muswada.

"Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alitembea miezi kutoka pwani mpaka hapa, mzigo begani. Wewe umezaliwa mji huu huu, halafu Nabii unamshusha mlangoni kama abiria wa bodaboda?"

Shangazi yake Zuhura, aliyeketi naye pembeni, akacheka mpaka akashika mbavu. Zuhura alitazama mkeka.

"Posa tutaizungumza," mzee alisema, "ukishamfikisha Yunus kwa miguu."