Mashine Iliyomfupisha Marehemu

Asubuhi ya maziko ya kaka yangu, mashine yangu ilimchonga uso umebonyea kuanzia utosini hadi kidevuni.

Mtu mrefu vile, akatoka kama kakanyagwa na lori.

Mashine nimeiunda mwenyewe: reli, mota tatu, kompyuta kuukuu. Unaipa picha, inachonga ubao. Mama alitaka sura ya mwanawe juu ya kaburi, na alitaka itoke kwangu. Maziko ni alasiri.

Kaka wa mke wangu akachungulia. "Shemeji, huyu tunamzika au tunamkunja?"

Sikucheka.

Tatizo nililijua. Kisanduku kinachoendesha mota ya urefu kiliungua, nikafunga kipya. Ubavuni kina swichi ndogo za kuigawa kila hatua ya mota vipande. Hiki kilikuwa kinagawa vidogo mno, basi mota inaenda nusu ya safari na kudhani imefika.

Nikageuza swichi kwa ncha ya bisibisi, nikajaribu kwenye kipande cha ubao. Nusu. Nikageuza nyingine. Nusu. Mwishowe nikazipanga zote kama zilivyochorwa kwenye kifuniko.

Nusu.

Kuzima sikuthubutu. Mota na kompyuta zinakula umeme wa swichi moja, na kompyuta ile ikizimwa, kuwaka tena ni kudra ya Mungu.

Ubao mzuri ulibaki mmoja. Mama kakaa mlangoni, kaukodolea macho. Hilo ndilo lililonimaliza.

Mara umeme ukakatika. Nikautukana.

Nikakaa kwenye vumbi la mbao nikalia, na mvi zangu zote. Nikamwambia mama nimeshindwa, tumzike na ubao mtupu.

"Nimeshapoteza mmoja," akasema. "Wewe inuka."

Umeme uliporudi, kompyuta ikawaka kwa kusuasua. Nikajaribu kwenye kipande kingine, bila imani.

Akatoka. Mrefu. Yeye mwenyewe, na ile pua yake.

Kumbe kisanduku husoma swichi zake mara moja tu, pale umeme unapoingia. Mimi asubuhi nzima nilikuwa namwongelesha kiziwi! Umeme nilioutukana ndio ulionizimia nilichoogopa kuzima.

Nikauweka ule ubao mzuri. Tulifika makaburini watu wameanza kunong'ona. Mama akapapasa paji la uso pale ubaoni, akapuliza vumbi lililobaki machoni.

"Ndiye," akasema.

Ndugu yangu unayesoma, ukirekebisha weee na hakuna kinachobadilika, acha kurekebisha. Zima. Kaa chini, hata kama ni kulia. Kisha washa.