Friji la Mama Baridi

Mama yangu mkubwa alikuwa haamini vipimajoto. Akitaka kujua kama friji limepona, aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akafumba macho, akatulia kama mtu anayetegea sikio maneno ya jirani, kisha akatoa hukumu. "Bado." Au, "Huyu ameamka." Kwake mafriji yalikuwa watu: wagonjwa, wavivu, wakorofi, na wachache waungwana. Mtaa mzima ulimwita Mama Baridi. Mwanamke mwingine angenuna kwa jina hilo, yeye aliliandika kwa rangi ya bluu juu ya mlango wa karakana yake.

Alianzia kazi kwenye kiwanda cha barafu, akiwa mfagizi. Alifagia karibu na mafundi kwa miaka minne, akawauliza maswali mpaka wakamchoka, na siku fundi mkuu alipougua, aliweka ufagio chini akaiwasha mashine iliyokuwa imewashinda wenzake wote. Hadithi hii nimeisikia tangu utotoni, na kila mwaka mashine yenyewe inazidi kuwa kubwa. Lakini kazi aliijua, hilo hata mimi siwezi kulipinga.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja kamwe. Kabla ya kumrudishia mteja friji lake, aliweka glasi ya maji kwenye rafu ya katikati na kuyaacha mpaka asubuhi. Maji yakikutwa na utando wa barafu juu, friji limefaulu. Yasipoganda, linafunguliwa upya, hata kama mwenyewe amesimama mlangoni na mkokoteni. Wauza nyama na wauza juisi walimpendea hilo. Walisema friji likipita kwa Mama Baridi, unaweza kusafiri na kurudi ukute kila kitu kama ulivyokiacha.

Mimi ninauza mafriji mapya, kwenye duka la vyombo vya umeme mitaa miwili kutoka karakana yake. Kwa hiyo ukoo wetu ulikuwa na kambi mbili, na uwanja wa vita ulikuwa meza ya chakula ya mama yangu, ambaye ni mdogo wake.

"Siku hizi wanaweka tarehe ya kufa ndani ya kifaa," Mama Baridi alikuwa akisema, huku akininyooshea kijiko. "Kabla hakijatoka kiwandani wameshajua kitazikwa lini. Na wewe mwanangu ndiye muuza majeneza."

"Mama mkubwa, unayaona ya zamani yaliyobaki tu. Yaliyokufa mapema yalishatupwa, hakuna anayeyakumbuka."

"Niliyotengeneza mimi hayajatupwa."

"Na umeme yanaokula je? Na ile kelele?"

"Mtu mzima akilala anakoroma. Hiyo si dosari."

Mama alicheka tu, akatuongezea chakula. Alikuwa karani wa mapokezi mpaka alipostaafu, mtu wa utaratibu, mwenye daftari la kila jambo. Ana kisukari, anajichoma sindano ya insulini asubuhi na jioni, na kila dozi aliiandika kwenye daftari hilo. Tatizo lilikuwa macho. Karatasi inayokuja ndani ya boksi la dawa ina herufi za kutafuta kwa tochi, naye alikuwa haoni tena vizuri, kwa hiyo kila asichokielewa alituuliza sisi. Sisi wataalamu wa mafriji.

Nilikuwa nimempelekea friji jipya kutoka dukani, la rangi ya fedha, lenye taa ndogo ya kijani mlangoni. Lilikufa baada ya miezi kumi na minne. Waranti ilikuwa ya kumi na miwili. Nilipiga simu kwa msambazaji, nikaunganishwa na watu watatu, na wa tatu akanishauri ninunue jingine. Nilimtukana, nakiri, kisha nikaenda kazini kuwauzia watu friji lilelile, nikitabasamu.

Mama Baridi alicheka mpaka akashika ukuta. "Miezi kumi na minne! Mtoto wa umri huo hata kutembea bado anayumba."

Wiki tatu hakupokea kazi nyingine. Alichukua friji lake mwenyewe, la zaidi ya miaka thelathini, lenye mlango mzito na kishikio cha chuma, akalifungua lote. Akabadilisha raba za mlango, akajaza gesi, akalipaka rangi nyeupe mara mbili. Glasi yake ya maji ilipotoka asubuhi haikuwa na utando, ilikuwa na kipande kizima cha barafu, naye akaibeba mtaani kuwaonyesha watu. Vijana wanne walilibeba hadi jikoni kwa mama. "Mdogo wangu," akamwambia, "hii ni baridi ya kweli. Hili litatuzika wewe na mimi." Alikuwa na machozi, na hakujaribu kuyaficha. Nilimpenda sana siku ile, ingawa sikumwambia.

Baada ya siku chache mama aliuliza, mbele yetu wote wawili, "Dawa yangu asubuhi naikuta ngumu kama jiwe. Ni sawa hivyo?"

"Ndiyo uzuri wake," Mama Baridi akasema. "Nyama ikiganda inaharibika?"

Na mimi, ninayepokea mshahara kwa kuwaeleza watu mambo ya mafriji, nikasema, "Iache mezani iyeyuke kwanza ndiyo ujichome."

Akaandika ushauri wangu kwenye daftari.

Mwezi wa pili tangu friji hilo liingie, mama alianza kukonda. Alikunywa maji bila kukata kiu, akaamka mara nyingi kwenda chooni, akawa anasinzia katikati ya mazungumzo. Sukari ilipanda. Tukampeleka kliniki ya hospitali, na muuguzi, mwanamke mtaratibu mwenye miwani shingoni, akaangalia namba, akaangalia daftari, akauliza, "Mama, unakula nini?"

"Kama mlivyoniagiza."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Aliongezewa dozi. Sukari ikazidi kupanda. Tukajua, mimi na mama mkubwa, kwamba anatudanganya. Tulikaa naye sebuleni tukamhubiria. Mama Baridi alisema mtu mzima kujificha na sukari ni aibu. Mimi nilifanya baya zaidi. Nilichukua mkoba wake nikaumwaga kwenye kochi kutafuta peremende. Ukatoka ufunguo, leso, miwani na kitambulisho cha kazini cha zamani. Mama alirudisha kimoja kimoja mkobani, na alipomaliza akaniambia, "Sili, mwanangu." Sikumwamini.

Siku kumi baadaye, asubuhi, jirani alinipigia simu dukani. Mama ameanguka bafuni na anapumua vibaya. Tulipofika hospitali alikuwa hatutambui.

Walimtundikia dripu, wakamchoma insulini ya hapohapo wodini, na kufikia mchana sukari ikaanza kushuka. Dawa ileile iliyokuwa haifanyi kitu nyumbani. Yule muuguzi wa kliniki alikuja na kusimama na sisi koridoni, na safari hii hakuuliza habari za chakula.

"Dawa mnaihifadhi wapi?"

Mama Baridi akajinyoosha. Hata pale, na mdogo wake yuko upande wa pili wa pazia, aliona mtu amegusa heshima yake. "Kwenye friji nililotengeneza mwenyewe. Usiwe na wasiwasi na friji hilo. Rafu ya katikati maji yanaganda."

Muuguzi akaacha kuandika. "Yanaganda?"

"Kabisa. Hata hiyo dawa inakuwa jiwe."

"Mama," muuguzi akasema polepole, "insulini haitakiwi kuganda hata mara moja. Ikiganda, nguvu inapotea. Ukiiyeyusha unaweza kuiona ya kawaida kabisa, lakini haifanyi kazi. Kwa maneno mengine, alikuwa hapati dawa."

Nilimtazama mama mkubwa. Alikuwa ameutoa mkono wake wa kulia mbele, ule wa kupimia, ameushika kwa mkono wa kushoto. Nilitaka kumkasirikia, na ningeweza, ila nilikumbuka nani alisema iyeyushwe mezani.

Tulikwenda nyumbani kuchukua nguo za mama na kulizima lile friji. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Hatukuwahi kuona kufuli pale. Tulipekua droo, tukatazama juu ya kabati, mpaka yule jirani aliyenipigia simu, mjane anayeuza vitambaa, akatokea uani na ufunguo mkononi.

"Ninao mimi," alisema. Aliona haya kuendelea, lakini akaendelea. "Mama yako ni mtu asiyejiamini tena. Wiki nzima hii, akishakula cha jioni ananiita nifunge jikoni nikae na ufunguo mpaka kuche. Aliniambia, 'Dada yangu na mwanangu wanasema nakula, na vipimo vinasema nakula. Labda naamka usingizini nakula bila kujua.' Nilimwambia si kweli. Akasema nifunge tu."

Mama Baridi alikaa chini pale pale, sakafuni, kwenye mlango wa jikoni ambao haujafunguliwa. Alilia kwa sauti. Mwanamke aliyeinua kompresa ya friji, chuma kizito kile, peke yake, sikuwahi kumwona akilia hivyo. Nilikaa naye sakafuni, mimi niliyeumwaga ule mkoba.

Jioni mama alikuwa amefumbua macho. Alikuwa dhaifu, lakini alitutambua, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuanza kujitetea. "Dada, naapa, jana nilikula kile kile tu..."

"Nyamaza," Mama Baridi akasema. Kisha akasema taratibu, "Nyamaza, mdogo wangu, nisikilize mimi." Akamweleza yote, ya friji, ya barafu, ya dawa iliyokufa ndani ya vichupa, bila kuruka neno na bila kumtaja mtu mwingine, hata mimi. Ilibidi nidakie mwenyewe, nikasema mimi pia nilishauri, na mimi ndiye niliyempekua.

Mama alitazama dari. Tulingoja atufukuze. Alipogeuka, uso wake haukuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililotumaliza.

"Kwa hiyo," aliuliza, "sikuwa mimi?"

"Hukuwa wewe," dada yake akamjibu. "Ulisema kweli siku zote."

Mama akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, akalala.